Bega Zima na Shule Mbili za Utabibu

Bega langu la kushoto ni zima. Halikuniuma nilipokuwa kijana nikibeba viazi vya mama yangu kutoka shambani, wala haliniumi sasa, katika umri ambao watu wa Butembo huanza kukusemesha kwa sauti ya juu kana kwamba kila mzee ni kiziwi. Ninaliandika hili mwanzoni kwa sababu katika mji huu bado wapo watu, baadhi yao wenye shahada, wanaoniuliza hali ya bega hilo tunapotoka misani, na sijapata hata mmoja aliyeridhika na jibu langu.

Chanzo chake ni mjukuu wangu. Alipopata diploma ya serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, alikubaliwa na shule mbili. Ya kwanza ni kitivo cha udaktari cha hapa Butembo, ambako angeweza kwenda kwa miguu na kurudi nyumbani kula. Ya pili ni shule ya osteopati huko Ubelgiji, ambako mjomba wake anaishi na alikuwa tayari kumpokea. Osteopati, kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, ni utabibu wa mikono: mtaalamu hupapasa, husukuma na kunyoosha viungo na misuli, akitafuta mahali mwili ulipokaza. Msichana alikuwa na mikono ya namna hiyo tangu utotoni. Marehemu mke wangu, katika miaka yake ya mwisho, hakumruhusu mtu mwingine yeyote amguse mgongo. Mimi nilipojaribu aliniambia nirudi kwenye vitabu vyangu.

Shule zote mbili zilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba yake, mwanangu, ni mfanyabiashara wa vitenge anayeamini kwamba mambo ya shule ni kazi yangu, kwa kuwa nilikuwa prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule ya sekondari, na mwalimu wa Kilatini na falsafa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kwa hiyo, kama ilivyo desturi yetu, baraza la familia lingekaa Jumapili, mimi ningesema wa kwanza, na baada yangu wengine wangetoa shukrani.

Sipendi uvumi. Tulipitia hapa, Beni na Butembo, miaka ya ugonjwa mkubwa, na niliona kwa macho yangu jinsi maneno yasiyo na mwenyewe yalivyowapeleka watu kaburini. Tangu wakati huo, yeyote anayeanza sentensi nyumbani kwangu kwa neno "banasema", yaani "watu wanasema", hukatizwa kwa swali moja: nani? Wajukuu wamelizoea. Wadogo hulicheza uani, mmoja akijifanya mimi, na nasikia ananiiga vizuri.

Sasa osteopati ilipoingia katika mazungumzo ya familia, uvumi uliingia nayo. Dada yangu mdogo, mke wa mchungaji mstaafu na mwanamke ambaye hajawahi kushindwa katika mabishano, alisema kwamba wataalamu hao huvunja shingo kama za kuku. Mnunuzi mmoja wa vitunguu kutoka Kayna alisema anamjua mtu aliyetibiwa hivyo akarefuka, hata suruali zake zikamwishia katikati ya miguu. Shemeji yangu wa Manguredjipa alisema ni shule ya waliokataliwa na udaktari. Na jirani mmoja akasema kwamba huko Amerika watu wa osteopati ni madaktari kamili, wanapasua na kuandika dawa kama madaktari wengine.

Hili la mwisho niliona ni la kijinga kuliko yote. Nililichunguza kwa bidii ili nilikanushe vizuri, na ndilo pekee lililokuwa la kweli. Huko Amerika zipo aina mbili za shule za udaktari, ya kawaida na ya osteopati, na wanaohitimu kutoka zote mbili ni madaktari. Ubelgiji si hivyo: osteopati ni kazi peke yake, yenye masomo marefu na heshima yake, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuandika dawa wala kushika kisu. Nilikasirika siku nzima kwa sababu jirani alikuwa amesema kweli bila kuchunguza chochote.

Nikaamua kufanya uchunguzi wangu mwenyewe. Ningepeleka mwili mmoja, wenye lalamiko moja, kwa watu wawili: daktari wa kawaida na mtaalamu wa osteopati. Kisha ningelinganisha. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: kwa bahati mbaya nilikuwa mzima. Ndipo nilipochagua bega la kushoto. Wapo watakaouita uongo. Mimi nilifundisha mantiki, na najua kwamba hakuna hoja inayojengwa bila mtu kukubali jambo fulani kwa muda.

Daktari nilimtafuta Beni, kwa maana madaktari wa Butembo wengi ni wanafunzi wangu wa zamani, na mwanafunzi wa zamani hawezi kumpapasa prefe wake bila kukumbuka kitenzi fulani alichoshindwa kukinyambua. Niliondoka katika ukungu wetu nikiwa na sweta na koti, gari likashuka mteremko wa Kabasha, na nilipofika Beni jua lilikuwa limenivua vyote viwili. Nilivivua kwa mkono wa kulia, ili nizoee.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoshuka puani.

"Inakuuma wapi, Papa?"

"Bega la kushoto, Daktari."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mavuno ya maharagwe."

"Na usiku?"

"Usiku na mchana, bila ubaguzi."

Alisimama nyuma yangu, akabonyeza. "Hapa?"

"Hapo."

"Na hapa?"

"Hapo zaidi."

Akashuka hadi kwenye kiwiko. "Na hapa? Kuko bagonjwa wengine, inashukaka mupaka huku."

"Hasa hapo!" nikasema, na nikaongeza mguno, ambao nadhani ulikuwa mzuri.

"Aaa. Na sikio? Hii namna ya maumivu inapandaka mupaka ku sikio."

"Sikio ndilo linaloninyima usingizi, Daktari."

Alirudi kwenye kiti chake, akaweka kalamu mezani, akanitazama juu ya miwani kama nilivyowatazama wengine kwa miaka mingi.

"Papa, nimetumika hii kazi tangu zamani. Bega haijapanda ku sikio hata siku moja. Sema sasa: unatafuta karatasi ya mapumziko? Kwa ile umri yako, unataka kutoroka kazi gani?"

Akacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni, halafu akanivika ule mkanda wa kupimia shinikizo la damu, na kicheko kikaisha.

"Hii sasa haiko mchezo," alisema. "Bega yako, rudi nayo. Lakini hii dawa utakunywa kila asubuhi, na utatembea. Umesikia, Papa wa sikio?"

Njiani kurudi nilimpa alama za juu. Aliuliza, akatilia shaka, akapima. Isitoshe, alikuwa amemtegea mtego mtu anayejiona fundi wa mitego.

Mtaalamu wa osteopati yupo hapa Butembo, katika nyumba ya matofali kando ya barabara kuu. Ni mtoto wa hapa, ingawa hakupita shuleni kwangu, aliyesomea Ulaya akarudi. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi mama mmoja wa kwaya ya kanisa la dada yangu, mwenye goti lililofungwa kitambaa. Nilimsalimu. Hapo nilifanya kosa ambalo sikuliona kuwa kosa: nilimsalimu huku nimeshika bega.

Yule mtaalamu hakuuliza maswali mengi. Alinisimamisha, akaniambia nitembee, niiname, nigeuke. Kisha akanigusa mgongo na mabega polepole, kwa ncha za vidole, kama mwanamke wa sokoni anayepima kitenge ajue kama kitachuja. Sikuguna, maana mguno wangu ulikuwa umeshachunguzwa Beni na kukataliwa. Mwishowe akasema tu, "Vaa kwanza koti, Muzee. Kuko baridi."

Akanishikia koti kwa nyuma, kwa adabu, akiliinua juu kidogo. Mimi, nikifurahi kwamba nimemshinda, nikatia mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Yeye akabaki ameshika kola.

"Muzee Prefe."

"Ndiyo, kijana."

"Mutu mwenye bega mugonjwa, ule mukono mugonjwa njo unaingiaka wa kwanza, chini chini, polepole. Wako umeingia wa mwisho, tena kule juu, sawa vile wa kijana anaenda kucheza muziki."

Nikamwambia kwamba labda mikono yake imekwisha kuniponya.

"Vraiment? Kweli? Basi niandike ni muujiza?" Akaanza kucheka. "Kuko mujukuu wako mwenye anataka kusoma hii kazi yangu. Njo maana ulikuja kunipima, sivyo? Minakupa pole, Muzee. Ungeniuliza tu, ningekujibu."

Matokeo yalikuwa sare, na sare ni jambo baya kwa mtu anayetakiwa kuamua. Hata hivyo niliandika hotuba ya sehemu tatu, yenye hoja, pingamizi na hitimisho. Hitimisho lilimpeleka mjukuu wangu kwenye kitivo cha udaktari. Hoja zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa kwamba Ubelgiji ni mbali na mimi ni mzee, na hiyo sikukusudia kuitaja mbele ya watu.

Jioni ya siku ile ile ya benchi, mama wawili wa kwaya walifika na mayai. Kesho yake asubuhi walikuja wanne, wakiwa na maziwa ya unga, sukari na kuku mmoja, wakasali kwa muda mrefu juu ya bega langu huku kuku akitembea chini ya viti. Kabla ya adhuhuri, midomoni mwa watu, bega lilikuwa limekuwa mkono mzima. Baada ya adhuhuri, upande mzima wa mwili. Kutoka Mutwanga yaliletwa majani kwa pikipiki, yakiwa bado na umande. Shemeji wa Manguredjipa alituma mafuta ya chatu. Na yule mnunuzi wa vitunguu wa Kayna alipiga simu kwa mwanangu kumuuliza kwa sauti ya upole kama matanga yameanza, maana alitaka kujipanga na safari.

Dada yangu alikuja mwenyewe, na kitenge cha kunifungia mkono shingoni.

"Siumwi," nikamwambia.

"Njo vile bagonjwa bote banasemaka."

"Bega langu haliumi!"

"Bon. Sasa ni wapi?"

"Hakuna mahali! Nani alikuambia kwamba naumwa?"

"Banasema."

"Nani?"

"Batu bote, kaka," alisema, na akakaza fundo.

Ningeweza kueleza. Lakini maelezo yangekuwa haya: kwamba mimi, prefe mstaafu na adui wa maneno yasiyothibitishwa, nilisafiri hadi Beni kumdanganya daktari, nikarudi Butembo kumdanganya mwingine, na wote wawili walinikamata. Nikapima aibu mbili, nikachagua kitenge.

Sikuwa nimekumbuka desturi. Kwetu, mzee anayeumwa haongozi baraza la familia. Huwekwa kando, hufunikwa blanketi, huhurumiwa, na lolote analosema hupokewa kana kwamba homa ndiyo inayosema. Jumapili ilipofika niliketi pembeni ya sebule, mkono shingoni, hotuba ya sehemu tatu mfukoni, na dada yangu akakaa katika kiti changu kana kwamba kilitengenezwa kwa kipimo chake. Nilipofungua mdomo, alinisogezea kikombe cha maziwa.

"Kaka apumzike," alisema. "Mutoto aseme kwanza, juu ni yeye atasoma."

Katika familia yetu sijawahi kuona mtoto akisema kwanza. Ningemkatiza, lakini mdomo wangu ulikuwa na maziwa.

Mjukuu wangu alisimama. Hakuwa na karatasi. Alisema kwamba naye alikwenda kuona. Alikaa katika ukumbi wa hospitali asubuhi nzima, akitazama watu wanavyoingia na kutoka. Siku nyingine alikaa kwenye lile benchi la nyumba ya matofali, baada ya kumwomba mtaalamu ruhusa.

"Kulikuya papa moja ya ku Lubero, mulimaji," alisema. "Mugongo yake imekunjama. Alikuya anyooshwe. Ule mutaalamu akamugusa kidogo tu, akatoa mikono. Akamuuliza: unakondaka? Papa anasema ndiyo. Jioni homa inakuyaka? Anasema ndiyo. Basi hakumunyoosha. Akamushika mukono mupaka ku barabara, akamupandisha ku pikipiki, akamutuma ku hospitali ile saa ile. Nikamuuliza, mbona haukumutibia? Akanijibu: hii haiko ya mikono yangu. Hii, nikiisukuma, naweza kumuvunja."

Hata watoto wa uani walikuwa wamesogea dirishani.

"Donc mimi nimewaza hivi," akaendelea. "Nataka nikuwe kwanza ule mutu mwenye kumupokea ule papa kule alitumwa. Nitasoma udaktari hapa Butembo. Nikisha kujua mikono inaishia wapi, nitaenda kujifunza mikono. Lakini minaomba mukubali leo, mbele ya wote: siku nitakuwa daktari, nitaenda kusoma osteopati, na hakuna mutu atasimama kuniambia nianze kwanza kuolewa."

"Ee, na bwana?" dada yangu akauliza. "Bwana atangoja ku mulango?"

"Bwana akikuya na mugongo unamuuma, Mukaka, nitamupima."

Watu walicheka, na dada yangu, ambaye wajukuu humwita Mukaka, yaani bibi, akacheka zaidi ya wote, kwa maana alidhani ameshinda: mtoto anavaa koti jeupe, habaki Ulaya, havunji shingo ya mtu. Kwa furaha hiyo akakubali sharti lote bila kulipima. Mwanangu akakubali kwa sababu dada yangu amekubali. Nami niligusa hotuba yangu mfukoni. Msichana alikuwa amefika pale pale nilipotaka kumfikisha, kwa sababu iliyo safi kuliko yangu, na akaondoka hapo na Ubelgiji mkononi. Nilimwonea fahari, na nilikasirika sana.

"Kitu kimoja tena," alisema. "Hii ahadi inaomba shahidi. Minaomba Sokulu akuwe shahidi." Sokulu ni babu, kwa Kinande chetu. "Yeye hapana kuamini mambo ya 'banasema'. Siku ile mutasahau, yeye atawaambia vile mulisema, neno kwa neno."

Dada yangu aliutazama mkono wangu uliofungwa, kisha uso wangu. "Huyu? Atafika?"

"Atafika," akasema mjukuu.

Watu walipotawanyika nilimkuta nyuma ya nyumba akimwagilia vitunguu majani. Nilivua kitenge, nikakikunja vizuri, nikamuuliza tangu lini alijua.

"Tangu ile jioni ulitoka Beni, ukaniambia ulienda kutibisha bega. Kisha ukateremusha redio toka juu ya kabati. Na ulitumia mukono gani, Sokulu?"

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Wale mama wa kwaya, ni wewe uliyewaambia?"

"Hapana! Bale bako na miguu yao na midomo yao." Akanitazama, akijizuia kucheka. "Lakini Mukaka alipokuja kuniuliza kama ni kweli unaumwa, sikusema hapana. Nilimwambia tu: mwangalie mwenyewe."

"Ungeweza kunisaidia."

"Ningekusaidia, ungekuwa muzima. Ungekuwa muzima, ungesema wa kwanza. Na kisha wewe kusema, Sokulu, nani amepataka kusema kitu nyumba hii?"

Nilitafuta mfano wa kumpinga. Nilianzia baraza la mwaka jana nikarudi nyuma kwa muda mrefu, na yeye alinisubiri kwa adabu, birika la maji mkononi.

Sasa anasoma. Kila asubuhi anateremka kwenda kitivoni na wenzake, na jioni anakaa mezani kwangu akijifunza majina ya mifupa, ambayo mengi yana Kilatini, kwa hiyo bado nina kazi. Ananiuliza namna ya kuyatamka; namwambia; halafu ananiambia kwamba profesa wake anatamka vingine; halafu namuuliza huyo profesa alisomea wapi.

Masomo yake ni marefu, na ahadi ya Ubelgiji haitadaiwa leo wala kesho. Dada yangu ameshaanza kuisimulia kwa namna yake, na katika simulizi yake neno la kuolewa limerudi kupitia mlango wa jikoni. Nilimsahihisha wiki iliyopita mbele ya wageni, neno kwa neno. Akauliza nitafanya hivyo mpaka lini. Nikamjibu kwamba nilifundisha mwenyewe jambo hili kwa miaka mingi: alichokiona marehemu, kikisimuliwa na wengine, ni uvumi. Kwa hiyo sina ruhusa ya kufa kabla ya mtoto huyo kupanda ndege.

Natembea kila asubuhi kabla ukungu haujainuka, mlimani hadi kwenye mikaratusi na kurudi. Mjukuu wangu hunipita njiani akiwa na mkoba wake, haraka, kwa sababu masomo yao huanza mapema.

"Tembea, shahidi!" ananipigia kelele mbele ya wenzake wote.

Nami nainua fimbo kumtishia, na ninaongeza mwendo.